Jinsi ya kuingiza tatizo la mtaa wenu kwenye bajeti ya kaunti: mwongozo kamili kwa wakazi wa Nakuru

Malalamiko mengi ya mitaani hapa Nakuru hufa kwa sababu tatu. Yamepelekwa kwa ofisi isiyohusika, yamefika pesa zikiwa zimeshagawanywa, au hayakuwahi kuandikwa popote. Watu hupaza sauti barazani, mheshimiwa anaitikia na kuahidi, kila mtu anarudi kwake, na masika yanayofuata yanaukuta mtaro vile vile.

Hapa tutatumia mfano mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho: mtaro wa maji ya mvua uliojaa udongo, unaomwaga maji kwenye ploti za watu. Hatua hizi zinafaa pia kwa mulika mwizi iliyozimika, barabara ya ndani ya mtaa, soko lisilo na paa au zahanati isiyo na choo. Mkazi wa Eldoret, Thika au Kisumu anaweza kuzifuata, kwa kuwa sheria zinazotajwa ni za nchi nzima.

## Mnachohitaji kabla ya kuanza

- Watu watatu hadi watano walio tayari kufuatilia kwa mwaka mzima. Hamhitaji kusajili chama. Mkazi yeyote ana haki ya kutoa maoni.
- Daftari moja la kumbukumbu, linalokaa kwa mtu mmoja anayejulikana.
- Simu yenye kamera na ramani.
- Utepe wa kupimia, au kamba iliyotiwa alama kila mita.
- Faili la kuhifadhi nakala za kila barua.
- Pesa kidogo za kuchapisha na kutoa nakala. Kupeleka maoni au barua kwa kaunti hakulipiwi. Anayewadai "ada ya kupokea barua" mkatalieni, au mdaini risiti rasmi.
- Nakala ya mpango wa kaunti wa miaka mitano, CIDP, wa 2023 hadi 2027. Utafuteni kwenye tovuti ya kaunti, au mwombeni msimamizi wa wadi.

## Hatua ya 1: Jueni tatizo ni la nani

Hatua hii huangusha watu wengi kuliko nyingine zote. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawanya kazi kati ya serikali ya kitaifa na kaunti, na juu ya hapo kuna mashirika yenye majukumu yake. Afisa akipokea barua isiyomhusu, halazimiki kuikataa. Ataiweka tu kando.

Kwa Nakuru, anzeni hivi:

- Mitaro ya maji ya mvua na barabara ndogo za ndani ya mitaa: mara nyingi ni kaunti.
- Barabara za mjini zilizo chini ya serikali ya kitaifa, pamoja na mitaro yake: KURA, mamlaka ya barabara za mijini.
- Barabara kuu ya Nairobi hadi Eldoret inayopita mjini, pamoja na mitaro ya kando yake: KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa.
- Maji taka yanayofurika kutoka kwenye mfuniko wa shimo, au bomba la maji lililopasuka: NAWASSCO, kampuni ya maji na maji taka ya Nakuru.
- Nguzo ya stima iliyolala au transfoma iliyolipuka: Kenya Power.
- Zahanati, soko, uzoaji taka na shule za chekechea: kaunti.
- Shule za msingi na sekondari, na polisi: serikali ya kitaifa.

Angalieni vizuri maji yenyewe kabla ya kuandika. Maji ya mvua na maji taka hupita njia mbili tofauti na yana wenyewe wawili tofauti. Mtaro ukinuka hata siku ya jua, huenda kuna bomba la maji taka linalovuja ndani yake, na hapo mtahitaji barua mbili.

Tahadhari: Chifu ni afisa wa serikali ya kitaifa. Anaweza kuitisha baraza na kuwasaidia kufikisha ujumbe, lakini bajeti ya mitaro ya kaunti haipiti kwake. Mkiwa mmemwambia chifu pekee, hesabuni kwamba kaunti bado haijaambiwa.

Mmefaulu mkiwa mnaweza kujaza sentensi hii bila kubabaika: "Tatizo letu ni ____, na linasimamiwa na idara ya ____ katika ____." Mkishindwa, mwulizeni msimamizi wa wadi. Ofisi yake ndiyo ya kaunti iliyo karibu nanyi zaidi, na kazi yake ni pamoja na kujua hili.

## Hatua ya 2: Kusanyeni ushahidi ambao mhandisi hawezi kuupuuza

"Tunateseka sana na maji" ni kweli, lakini mhandisi hawezi kuipigia hesabu. Anachohitaji ni vipimo.

Tembeeni mtaro wote, kutoka unapoanza hadi maji yanapotokea. Andikeni urefu, upana na kina. Kina kipimeni kwa mti mnyoofu: uchomekeni hadi ufike sakafu ya zamani ya mtaro, wekeni alama pale udongo unapoishia, kisha wekeni nyingine kwenye ukingo wa juu. Mkiandika kwamba mtaro una kina cha sentimita 90 na sentimita 70 zimejaa udongo, hakuna atakayewauliza kama kweli umeziba.

Pigeni picha mkiwa mmesimama mahali pale pale, siku ya jua na siku ya mvua. Ule mti wa kupimia uonekane katika picha zote mbili. Picha moja ya mafuriko haionyeshi ni wapi, na picha kumi za mafuriko kutoka kona tofauti humchanganya anayezitazama. Chukueni pia alama ya mahali kwenye ramani ya simu, mwanzo wa mtaro na mwisho wake.

Kisha jibuni swali ambalo mhandisi ataliuliza kwanza: maji haya yataelekezwa wapi? Mji wetu umekaa kwenye mteremko, kreta ya Menengai ikiwa juu na ziwa likiwa chini. Udongo wa majivu ya volkano ni mwepesi, unabebwa na maji na kutua popote yanapopunguza kasi. Mkizibua mtaro wenu bila kufikiria walio chini, mtakuwa mmewapelekea wao mafuriko pamoja na udongo. Nimeona maombi mazuri yakipingwa na mtaa jirani kwa sababu hiyo, na jirani alikuwa na haki. Shukeni mkazungumze nao mapema. Ombi lililotiwa saini na mitaa miwili lina uzito kuliko mawili yanayopingana.

Mwisho, orodhesheni waathirika: ploti ngapi, maduka mangapi, kama kuna shule ya chekechea au njia ya wagonjwa. Andikeni mnachoweza kuthibitisha tu. Mkisema familia elfu moja na afisa akakuta mia moja, hata vipimo vyenu vya kweli vitatiliwa shaka.

## Hatua ya 3: Fanyeni kikao cha mtaa chenye muhtasari

Kikao kinawapa uhalali, na pia kinapunguza orodha. Kila mtaa una matatizo kumi. Mkipeleka yote kumi, mmewaachia maafisa kazi ya kuchagua, nao watachagua lililo rahisi kwao. Kubalianeni jambo moja la kwanza, na la pili la akiba.

Katibu aandike tarehe, mahali, ajenda, mlichoamua na waliochaguliwa kufuatilia. Waliohudhuria waandike majina na kutia saini. Wapangaji wahusishwe sawa na wenye ploti, kwa kuwa wao ndio wanaoteka maji sebuleni. Wekeni muda ambao akina mama wenye watoto na watu wenye ulemavu wanaweza kufika. Kikao cha saa mbili usiku huwa na watu wale wale kila mara.

Tahadhari: Orodha yenye namba za vitambulisho isizungushwe kwenye WhatsApp. Ikae kwenye karatasi, ndani ya faili.

## Hatua ya 4: Pangeni safari yenu kwa kalenda ya pesa

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai na kuisha tarehe 30 Juni. Wengi hukumbuka mtaro mwezi Aprili, mvua ikiwa imewafika magotini. Kufikia wakati huo orodha ya miradi ya mwaka unaofuata imekwisha kuiva.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inaweka tarehe hizi kwa kila kaunti:

- 1 Septemba: Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao maafisa huuita ADP, unawasilishwa kwa bunge la kaunti. Miradi hutajwa hapa kwa mara ya kwanza.
- 28 Februari: Taarifa ya Mkakati wa Fedha inawasilishwa. Inaweka kiwango cha pesa ambacho kila idara itapata.
- 30 Aprili: Makadirio ya bajeti yanafika bungeni.
- 30 Juni: Bajeti inapaswa kuwa imepitishwa.

Kuna jambo moja la kuzingatia sana. Mpango unaowasilishwa kufikia tarehe 1 Septemba 2026 ni wa mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai 2027. Kwa hiyo anayetaka mtaro ujengwe mwaka fulani lazima awe ameuomba karibu mwaka mmoja kabla. Inachosha kusikia, lakini ndivyo mashine inavyozunguka, na mtaa unaojua hilo huwa mbele ya mingine.

Ushauri wangu: vipimo na picha za mvua mchukue Machi hadi Mei, kikao mfanye Juni, barua ifike Julai au mapema Agosti. Mkichelewa, bado mnaweza kuzungumza mwezi Mei wakati kamati ya bajeti inasikiliza maoni kuhusu makadirio. Ila kufikia hapo, pesa ikiongezwa kwenye mradi mmoja lazima ipunguzwe kwingine, na kila mradi ulio ndani una mtu wa kuutetea.

Fungueni pia ile CIDP. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu pesa za umma kutengwa nje ya mpango. Tafuteni mstari unaolingana na tatizo lenu, hata ukiwa wa jumla kama "uboreshaji wa mitaro mijini", mkanukuu ukurasa wake. Mpango wa sasa unaishia 2027. Vikao vya kutayarisha unaofuata ni nafasi ambayo haiji tena kwa miaka mitano, kwa hiyo msikose.

## Hatua ya 5: Andikeni barua ya ukurasa mmoja

Kiswahili kinatosha, ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Ielekezeni kwa Waziri wa Fedha na Mipango wa kaunti. Wekeni nakala kwa Karani wa Bunge la Kaunti, idara inayohusika, msimamizi wa wadi na MCA wenu, yaani mwakilishi wa wadi katika bunge la kaunti.

Mfano wa kuigwa:

> KUH: OMBI LA MRADI KATIKA MPANGO WA MAENDELEO WA MWAKA WA FEDHA ____: MTARO WA MAJI YA MVUA, MTAA WA ____, WADI YA ____
>
> Sisi wakazi wa mtaa wa ____ tunaomba mtaro unaoanzia ____ hadi ____, wenye urefu wa mita ____, uzibuliwe, ujengwe kwa mawe na ufunikwe.
>
> Mtaro una kina cha sentimita ____, na sentimita ____ zimejaa udongo. Mvua inaponyesha, maji huingia kwenye ploti ____ na kufunga njia ya watoto wanaokwenda chekechea ya ____.
>
> Tuliripoti kwa ____ tarehe ____. Nakala imeambatishwa.
>
> Ombi hili linalingana na ukurasa wa ____ wa CIDP. Tunaomba lijibiwe kwa maandishi kupitia anwani iliyo hapa chini.

Viambatisho: muhtasari wa kikao, picha zisizozidi nne, ramani ya mchoro wa mkono au ya simu, na orodha ya saini.

Msiweke matusi wala vitisho vya kura. Barua hii itasomwa na karani, mpangaji na mhandisi, ambao hawakuchaguliwa na mtu. Kitakachowasukuma ni zile nambari.

## Hatua ya 6: Ipelekeni kwa mkono na mrudi na muhuri

Toeni nakala mbili za kila barua. Moja inabaki masjala, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na kurudi nanyi. Kagueni muhuri kabla ya kuondoka dirishani: tarehe inasomeka? Jina la ofisi linaonekana? Muhuri uliofifia hautawasaidia miezi minane baadaye mtu akidai hakuna kilichofika.

Karani akisema "iache tu hapo, nitampa bosi", subirini. Kwa upole, lakini subirini. Akishikilia kwamba hagongi muhuri, andikeni kwenye nakala yenu jina la ofisi, tarehe na saa, halafu mtume barua hiyo hiyo kwa barua pepe rasmi siku hiyo hiyo.

Mpigieni MCA baada ya barua kupokelewa, si kabla. Akiwa na nakala yenye muhuri mkononi, anaweza kuitetea kwenye kamati akiwa na kitu cha kuonyesha.

## Hatua ya 7: Semeni kwenye kikao cha maoni ya umma

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lishirikishe wananchi katika kazi zake. Matangazo ya vikao huwekwa magazetini, kwenye tovuti na katika ofisi za wadi. Mtu mmoja kati yenu awe na kazi ya kuyaangalia kila wiki.

Chagueni msemaji mmoja. Mara nyingi mtapewa dakika mbili au tatu, kwa hiyo asianze kwa salamu ndefu za itifaki. Ataje wadi, mradi, urefu wa mtaro, idadi ya ploti na tarehe ya barua, kisha amkabidhi katibu wa kikao nakala. Wengine waje na kusema mambo yanayoongeza, si kurudia: mwenye duka azungumzie hasara, mwalimu wa chekechea azungumzie siku watoto wanapokosa kufika.

Tahadhari: Tieni saini kwenye orodha ya mahudhurio baada ya kuona kichwa chake. Orodha isiyo na mada wala tarehe inaweza kutumiwa kuthibitisha kikao kingine. Na msikubali usafiri au chakula cha mwanasiasa siku hiyo. Maoni yenu yataitwa yake.

Hatua imefaulu mkisikia katibu akisoma jina la mradi wenu katika muhtasari, au mkiliona kwenye ripoti ya kamati.

## Hatua ya 8: Kagueni kama limeingia

Mpango ukishawasilishwa, itisheni nakala na mtafute wadi yenu. Mnatafuta vitu vitatu kwenye mstari mmoja: jina la mradi, mahali na kiasi cha pesa. "Ukarabati wa mitaro, wadi mbalimbali" si ushindi. Fedha hizo zinaweza kwenda popote. Ombeni mtaa wenu utajwe.

Mkinyimwa nakala, tumieni Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andikeni kwa Katibu wa Kaunti mkitaja hati mnayoitaka. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili, na hamlazimiki kueleza sababu. Ofisi inapaswa kuamua ndani ya siku 21, na inaweza kuongeza siku 14 mara moja ikiwa habari ni nyingi au inahitaji mashauriano. Mnaweza kutozwa gharama halisi ya kutoa nakala, basi.

Siku 21 zikipita kimya, sheria inahesabu kwamba mmekataliwa. Pelekeni malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi tunaifahamu kwa jina la Ombudsman. Mna siku 30 za kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Muhuri wa masjala ndio utakaoonyesha siku zilianza kuhesabiwa lini.

## Hatua ya 9: Likiachwa nje, pelekeni ardhilhali

Ardhilhali ni ombi rasmi la wananchi kwa bunge la kaunti. Haki hiyo imo katika kifungu cha 37 cha Katiba na kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti. Tofauti yake na barua ya kawaida ni kwamba inasomwa bungeni na kupewa kamati, na kamati lazima itoe ripoti.

Iandikeni bila kufutafuta, na iwe na:

- Anwani ya bunge la kaunti, na maelezo ya ninyi ni nani na mnaishi wapi.
- Tatizo, kwa vipimo vile vile vya mwanzo.
- Ofisi mlizokwishaziendea na jinsi zilivyojibu au kukaa kimya, kwa tarehe.
- Tamko kwamba suala hilo haliko mahakamani. Likiwa huko, bunge huliacha.
- Mnachoomba bunge lifanye, kwa sentensi moja au mbili.
- Majina, anwani, namba za vitambulisho na saini, au alama ya dole gumba kwa asiyeandika.

Hapa ndipo faili lenu linalipa. Kundi lisilo na nakala zenye mihuri hukwama kwenye kipengele cha ofisi mlizoziendea, na ardhilhali yao hurudishwa waende kwanza kwenye idara.

Kabidhini kwa Karani wa Bunge, mkamwulize mambo mawili na kuyaandika: itasomwa lini, na kamati itakuwa na siku ngapi kulingana na kanuni za kudumu. Mkiitwa mbele ya kamati, ombeni wajumbe waje kuuona mtaro wenyewe. Nadhani ziara ya dakika kumi kwenye matope inafanya kazi kuliko hotuba yoyote.

## Hatua ya 10: Pesa zikitengwa, lindeni kazi

Mradi ulio kwenye bajeti bado unaweza kukosa kujengwa. Kila robo mwaka kaunti hutakiwa kutoa ripoti ya matumizi, na Msimamizi wa Bajeti huchapisha ripoti zake kuhusu kaunti zote. Zisomeni. Mradi ukiwa bado kwenye sifuri kufikia ripoti ya Desemba, andikeni kwa idara kuuliza zabuni itatangazwa lini. Mkingoja Mei, mwaka wa fedha utawaishia mikononi.

Mwanakandarasi akifika, mwombeni mhandisi wa kaunti awaonyeshe vipimo vilivyo kwenye mkataba: urefu, upana, kina, aina ya mawe, na kama mfuniko umo. Kisha pimeni kwa utepe ule ule kila mita ishirini, kazi ikiendelea. Ni rahisi mno kurekebisha msingi kabla haujafukiwa. Mkiona tofauti, msigombane na vibarua. Mpigieni mhandisi na mfuatishe barua.

Kazi ikikamilika, subirini mvua ya kwanza kubwa na mtembee mtaro wote tena. Kandarasi nyingi za ujenzi huwa na kipindi ambacho mjenzi analazimika kurekebisha kasoro kwa gharama yake, huku sehemu ya malipo yake ikishikiliwa. Ulizeni mapema kipindi hicho kinaisha lini. Ufa, sehemu iliyotitia au maji yanayosimama yaripotiwe kwa maandishi, na picha, kabla ya tarehe hiyo. Ikipita, ukarabati huo utahitaji kuombewa pesa upya kwenye mpango wa Septemba.